Tuusome Wimbo Kabla ya Kuuimba

Nina ombi lisilo na mchango wala kadi ya ahadi. Linataka karatasi, kalamu na jioni moja yenye utulivu. Chagua nyimbo tano ulizozisikiliza au kuziimba kuliko nyingine zote wiki hii, ziwe za kwaya, za mwimbaji mmoja, za kikundi cha sifa na kuabudu au hata za dansi. Andika maneno yake yote, ubeti kwa ubeti, bila kinanda wala gitaa. Kisha yasome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani kwako, taratibu, kama unavyosoma somo la Jumapili.

Sababu ya kwanza ya ombi hili ni muda. Mkristo wa kawaida humsikiliza mhubiri saa moja kwa wiki, au kadhaa akiwa mtu wa mikesha. Nyimbo humfuata tangu alfajiri: ziko kwenye mlio wa simu, kwenye daladala, saluni, kwa mama ntilie, kwa fundi cherehani, na usiku ziko kwenye spika ya jirani hata kama hakuzitaka. Mchungaji akiteleza mimbarani, wazee wa kanisa watamwita ofisini Jumapili hiyohiyo. Mwimbaji akiteleza, tunamwitikia. Baada ya mwezi kosa lake limekuwa pambio, na watoto wa shule ya Jumapili wamelikariri.

Sikusudii kuwasha moto. Wenye umri wa kati wanakumbuka mikutano ya injili ambako waliookoka walitakiwa kuleta kanda zao za dansi na taarabu zichomwe mbele ya watu. Kanda ziliungua. Mazoea ya kusikiliza bila kupima hayakuungua, yalihamia kwenye kanda mpya zenye picha ya msalaba. Kuchoma ni kazi ya dakika tano. Mimi nawaitia kazi ya kupima, ambayo ni ndefu zaidi na haina watazamaji.

Wimbo hukaa mahali ambapo hotuba haifiki. Aliyewahi kumuuguza mzazi mzee aliyepotewa na kumbukumbu anajua: jina la mwanawe limemtoka, mwaka umemtoka, lakini ukimwanzishia tenzi aliyojifunza akiwa binti, anaimaliza beti zote, na sauti yake ya alto haikosei. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliliona jambo hili yapata miaka 1,600 iliyopita, likamtia wasiwasi. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anakiri kwamba kuna nyakati uimbaji ulimgusa kuliko neno lililoimbwa, akajiona amekosa. Hata hivyo hakutaka nyimbo zifukuzwe kanisani, maana aliyakumbuka machozi aliyoyatoa alipozisikia mwanzoni mwa imani yake. Akabaki katikati, na naona hapo katikati ndipo pa kukaa.

Afrika Mashariki inao ushahidi wake. Uamsho uliochipuka miaka ya 1930 kwenye kituo cha misheni cha Gahini, Rwanda, ulisambaa Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi ukiwa na wimbo wa Kiganda, Tukutendereza. Wahaya waliuimba, Wakikuyu waliuimba, na wengi hawakuona haja ya kukitafsiri kiitikio chake. Ndugu walipokutana njiani au sokoni, ndio uliokuwa salamu yao. Unamshukuru Yesu kwa damu yake inayotakasa, na hauna kabila ndani yake. Wakati wa vita vya Mau Mau katika Kenya ya kati, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha wapiganaji, wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Sidai kwamba wimbo mmoja ndio uliowapa ujasiri. Lakini watu walioimba kila siku juu ya damu iliyokwisha kumwagika kwa ajili ya wote walikuwa na jibu mdomoni siku walipotakiwa kumwaga nyingine.

Sasa, wengi wakisikia habari ya kuchagua muziki wa Kikristo hukimbilia ngoma. Je, gitaa la solo linafaa ibadani? Sebene ni halali? Vijana wakiingiza midundo ya singeli, wazee waitwe? Mabishano haya ni ya zamani, na historia imekwisha kuyajibu kwa sehemu kubwa. Wamisionari wengi walituzuia ngoma, wakatupa nyimbo za Ujerumani, Uingereza na Marekani zilizotafsiriwa. Nyingi tunazipenda hadi leo na sitaki mtu azifute. Ila zilikuja na taabu yake. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nayo sauti iliyotungwa kwa Kijerumani haijui hilo, kwa hiyo mara nyingine tunaimba neno lililoteguka.

Watu wetu hawakulinyamazia jambo hilo. Mwaka 1963 padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kinachochunguza sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya Liturujia, ambayo inataka mila za muziki za mataifa ya misheni ziheshimiwe na zipewe nafasi katika ibada. Huko Kamina, Kongo, watu walikuwa wametangulia: Missa Luba ilikwisha kuimbwa kwa ngoma mwaka 1958, Kilatini na yote.

Kwa upande wa Walutheri kazi kubwa ilifanyika Makumira, karibu na Arusha. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha chuoni hapo, alikusanya sauti za kienyeji na kuwahimiza wanafunzi wazitungie maneno ya Kikristo. Mwaka 1968 nyimbo hizo zikatoka katika kitabu Tumshangilieni Mungu. Mwanafunzi mmoja wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya huku kwetu. Wimbo ule ukavuka bahari. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116, kwa Kijerumani. Wajukuu wa waliotufundisha kuimba bila ngoma wanashangilia ufufuko kwa sauti ya Tanzania, na sijasikia kwamba imani yao imepungua kwa hilo.

Vijana wanaotetea midundo mipya hupenda kusema kwamba hata Martin Luther alichukua sauti za vilabuni. Ushahidi wa madai hayo ni haba. Tunachokijua vizuri ni habari ya wimbo wake wa Krismasi, Vom Himmel hoch: mwaka 1535 ulitoka kwa sauti ya wimbo wa kawaida wa watu, na mwaka 1539 ukatoka tena na sauti mpya ya kanisani. Alijaribu, kisha akabadili. Ruhusa zote mbili ni zetu pia. Mimi binafsi sivumilii kinanda kilichowekewa mdundo mmoja unaotumika kwa toba, kwa sadaka na kwa harusi, lakini hilo ni sikio langu, na imani ya mtu haipimwi kwa sikio langu.

Basi ngoma naiachia iende zake. Maneno siyaachii.

Turudi kwenye karatasi yako. Sitashangaa ukikuta kwamba katika nyimbo tano hizo angalau mmoja una adui. Hana jina. Alinicheka, alidhani sitaolewa, alisema sitapata mtoto. Sasa Bwana amenipa nyumba na gari, naye amebaki mdomo wazi. Midundo inanoga, leso zinarushwa, mama mtu mzima anatoka kwenye benchi lake kwenda kucheza mbele. Ukiusoma ubeti huo bila midundo, utataka kujua huyu ni nani. Mtaani kwetu adui wa wimbo hapati shida ya kupata sura. Ni wifi, ni mke mwenza, ni mpangaji wa chumba cha pili, ni bibi kizee wa nyumba ya kona. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia maisha yao yote. Hakuna wimbo wa injili uliowahi kumpa mtu panga mkononi. Lakini Mkristo anayefundishwa kila asubuhi kwamba riziki yake imeshikiliwa na mtu wa karibu hataanza na Shetani akianza kumtafuta mtu huyo. Ataanza na jirani.

Mtu atanijibu kwamba Zaburi nazo zimejaa maadui, na ni kweli. Zaburi ya 109 ni kali kuliko chochote kinachopigwa redioni. Lakini mtunzi wa zaburi humpelekea Mungu mashtaka yake na kumwachia hukumu. Tena soma Zaburi ya 35 mpaka mstari wa 13: anasema walipougua watu hao hao wanaomtesa, yeye alivaa gunia akafunga kwa ajili yao. Nitajieni wimbo mmoja unaovuma sasa ambamo mwimbaji anafunga kwa ajili ya adui yake mgonjwa. Ukipatikana, nitanunua nakala zake za kugawia jumuiya yangu nzima. Yesu aliagiza tuwaombee wanaotuudhi, na Paulo akawaandikia Warumi kwamba adui akiwa na njaa alishwe. Chakula hicho ndicho ninachokikosa kwenye nyimbo zetu. Tumeichukua meza ya Zaburi ya 23 tukaifanya ya kuringia, wakati tungeweza kumwita adui akae tule naye.

Naweza kuonekana nakuza jambo dogo. Basi nirudi Rwanda, nchi iliyotupa uamsho wa Gahini. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ilikuwa nchi ya Wakristo, makanisa yamejaa kila Jumapili, na redio ya RTLM ilirusha nyimbo za mwanamuziki maarufu, Simon Bikindi, katikati ya matangazo ya chuki. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mwezi Desemba 2008. Kosa lililomtia hatiani lilikuwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani akichochea mauaji, lakini mahakama ilizipitia pia nyimbo zake, ikaona jinsi zilivyotumika kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Walioziimba wengi walikuwa wamebatizwa. Walikuwa na nyimbo za kanisa Jumapili na nyimbo hizo siku zilizobaki, na hakuna aliyewafundisha kuzilinganisha.

Jambo la pili utakaloliona kwenye karatasi ni neno "mimi". Nitainuliwa, nitang'aa, zamu yangu imefika, mlango wangu umefunguka. Sina ugomvi na mtu anayemshukuru Mungu kwa kazi aliyoipata baada ya miaka ya kuzunguka na bahasha ya vyeti. Nina shida pale Mungu anapokuwa mtumishi wa safari ya mtu mmoja kwenda juu, na waliobaki chini hawaonekani tena. Mlinganishe mtu huyo na binti wa Nazareti. Wimbo wa Mariamu katika Luka sura ya 1 unaanza na yeye mwenyewe, kwa furaha, na mambo makuu aliyotendewa. Kisha unatoka nje ya nyumba yake. Wakuu wanashushwa vitini, wanyonge wanakwezwa, wenye njaa wanashiba, matajiri wanaondoka mikono mitupu. Baraka yake inakuwa habari ya watu wote wanaodharauliwa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na kipimo kile chepesi cha "nyimbo za Mungu" na "nyimbo za dunia". Wenye umri wangu wanamkumbuka Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947 akaja kuwa mwana wa Dar es Salaam. Akiwa na bendi yake ya Super Matimila aliimba Mnyonge Hana Haki, akaimba kuhusu kifo, wakati bado ni mwanamuziki wa dansi. Miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki Desemba 2010, aliokoka akageukia muziki wa injili, na wengi wetu tulisema hatimaye ameanza kuimba mambo ya Mungu. Nabii Amosi angesema alianza zamani. Katika sura ya 5 Mungu anawaambia Israeli wamwondolee kelele za nyimbo zao za ibada, maana anataka hukumu ya haki itiririke kama maji. Wimbo wa dansi unaomlilia maskini uko karibu na Amosi kuliko haleluya nyingi.

Na haleluya nayo haina lebo ya kudumu. Miaka ya 2000 Esther Wahome wa Kenya alitoa Kuna Dawa, wimbo wa kumtangaza Yesu, ukavuma mpaka ukapigwa kwenye vilabu vya usiku watu wakiwa na chupa mkononi. Wapo waliokasirika. Mimi nilifurahi kwamba neno limefika kule, nikajiuliza kama sisi tuliokuwa tukiusikia kanisani tulikuwa makini zaidi na maneno yake kuliko wale wa klabuni.

Kwa hiyo nyimbo za mapenzi zisitajwe kama dhambi kwa jumla yake; Biblia ina kitabu kizima cha mahaba, Wimbo Ulio Bora, na hakuna aliyekiondoa. Wimbo unaomfanya mume amtazame mkewe kwa macho mapya ni wa kwetu. Unaomfundisha kijana kwamba msichana ni kitu cha kununua, hata ukipambwa na "Mungu amenijalia", si wa kwetu. Mkristo anayejua kupima hahitaji orodha kutoka kwa mchungaji.

Kuna pengo jingine ambalo karatasi haitakuonyesha, kwa kuwa halimo: huzuni. Zaburi za maombolezo ni kama theluthi ya kitabu chote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa ushindi mwishoni, na bado Mungu aliiacha ndani ya Biblia. Redio zetu za Kikristo, kuanzia asubuhi, ni ushindi mtupu. Mama aliyezika mtoto juzi, kijana aliyeachishwa kazi, mgonjwa anayerudi kliniki kila mwezi bila nafuu, wote wanapewa wimbo wa kuruka. Msibani ndipo tunakumbuka tenzi za zamani, na nafikiri ndiyo sababu hazijafa: zinajua kulia. Lakini kwa nini mtu asubiri jeneza ndipo apewe ruhusa ya kumwambia Mungu kwamba ameumia? Watunzi, hapo pana kazi. Mtu mmoja akitunga leo wimbo mzuri wa kulalamika mbele za Mungu, bila kulazimisha jibu katika ubeti wa mwisho, atawahudumia wengi kuliko anayetunga wimbo wa mia moja wa kuvunja minyororo.

Sasa nawageukia wenye dhamana, na hapa nitakwenda haraka.

Wazazi, msiwanyang'anye watoto simu mkadhani mmechagua. Imbeni nao. Mtoto akijua kwa kichwa nyimbo kumi nzito kabla hajamaliza darasa la saba, hata moja ikiwa ya lugha ya bibi yake, anayo akiba ya kupimia nyingine. Muulizeni wimbo anaoupenda unasema nini, na mumsikilize mpaka mwisho kabla ya kukunja uso. Mara nyingine ataona jambo ambalo ninyi hamkuliona.

Walimu wa kwaya, najua sare inachukua nusu ya vikao na safari ya kurekodi video inachukua nusu iliyobaki. Someni masomo ya Jumapili kabla ya kupanga nyimbo. Usharika umesikia habari ya mwana mpotevu, halafu kwaya inasimama kuimba juu ya kuta za Yeriko kwa sababu ndio wimbo uliofanyiwa mazoezi. Ibada imekatika vipande viwili na hakuna anayejua kwa nini. Kikundi cha sifa, shusheni kidogo ufunguo wa wimbo. Mkianzia juu, wazee wanaume na akina mama wa makamo wananyamaza, na ibada inakuwa onyesho la watu sita wenye vipaza sauti. Paulo aliwaambia Wakorintho ataimba kwa roho na ataimba kwa akili pia. Kiitikio kinachorudiwa mara arobaini kwa kweli kinatumia kimoja tu kati ya viwili hivyo.

Na sauti za spika. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, lakini sidhani Mkristo angehitaji kanuni. Nyumba inayotazamana na kanisa ina mtoto mchanga, ina nesi aliyetoka zamu ya usiku, ina Mwislamu mcha Mungu anayeheshimu ibada yako na angependa kulala. Spika zikielekezwa ndani, sifa hazipungui.

Wanaoandaa harusi, kaeni na MC na mpiga muziki mapema, muwape nyimbo mnazozitaka kwa maandishi, na zile msizozitaka pia. Harusi iliyofungwa kanisani saa nane haipaswi kufika saa nne usiku ikiwa na maneno ambayo bibi harusi hawezi kumtafsiria babu yake. Chezeni sana, lakini mjue mnacheza nini.

Kisha kuna suala la pesa, ambalo huwa tunalipita kimya kimya. Tunanakili albamu nzima kwenye flashi ya rafiki na kusema ni za Bwana, hazina mwenyewe. Zina mwenyewe, na ana kodi ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya 2001, na amri ya kutoiba ni ya zamani kuliko zote mbili. Mtunzi mwenye maneno mazito mara nyingi hana pesa ya studio, kwa sababu wimbo wake hauendi kwenye sherehe. Tusipomnunua, tutabaki na wale wanaouza ushindi na maadui, halafu tutalalamika kwamba nyimbo za siku hizi hazina ujumbe. Tunaowanunua ndio wanaoendelea kuimba.

Usharika wako au parokia yako huenda ina mtunzi aliyekaa benchi la nyuma: mwalimu wa shule ya msingi anayejua nota, katekista mwenye daftari, kijana anayepiga gitaa chini ya mwembe. Wakatoliki wamefanya vizuri katika hili. Watunzi kama Bernard Mukasa na padre Kayeta wanaimbwa katika vigango ambavyo hawajawahi kuvifikia, kwa sababu nota zao zinasafiri kutoka kwaya hadi kwaya, na siku hizi zinapatikana bure mtandaoni. Makanisa mengine yanaweza kuiga bila aibu. Mpeni mtunzi wenu somo la Jumapili fulani miezi mitatu kabla, mpeni na nauli na soda ya waimbaji watakaoujaribu, mwambieni mnataka wimbo ambao ibada nzima itauimba. Pengine hautakuwa mzuri. Wa tatu au wa nne utakuwa.

Jumapili hii mwombeni mwalimu wa kwaya yenu maneno ya nyimbo za mwezi ujao yaliyoandikwa. Akiwa hana, kaeni naye myaandike pamoja, jumuiya yenu iyasome siku ya kukutana kama inavyosoma Neno. Mkikuta ubeti unaowatatiza, mpelekeeni mtunzi kwa upole, naye apewe nafasi ya kujieleza, kwa kuwa huenda ana sababu ambayo hamkuiona. Na mkikuta ubeti uliowafanya mnyamaze wote chumbani, mpelekeeni huo pia. Watunzi wetu husikia makofi mara nyingi. Ni nadra sana kusikia kwamba mtu ameyasoma maneno yao.